Damu ya puani ilimkimbizia wateja, sasa wajawazito wanamrudia

Saa nne asubuhi, vumbi la kiangazi limeshatanda Mishamo mkoani Katavi, na msusi Rosine Nestori amefika utosini mwa Queen, mjamzito wa miezi minane. Tone la damu linadondoka kwenye kitenge cha Queen. Kisha la pili. Pua inavuja.

Mama mkwe wa Queen, Esteria Lyamba, anainuka upesi kwenye benchi ili amlaze kichwa nyuma.

"Mama, muache ainame," anasema Rosine bila kupandisha sauti.

Anamketisha Queen wima, anamwinamisha mbele kidogo, na kumwelekeza abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, apumue kwa mdomo, asiachie kwa dakika kumi. Akiinama hivyo, kisogo kinabaki wazi. Rosine anaendelea kusuka.

"Pua ipumzike, mimi kazi ninayo," anatania, huku akimuuliza kama kichwa kinamgonga au anaona ukungu. Queen anapunga mkono kukataa.

Huku, mwanamke akikaribia kujifungua husuka nywele, maana mtoto akishafika muda wa kukaa kitini haupo tena. Hao ndio wateja wakubwa wa Rosine, mama wa watoto watatu anayelipwa shilingi 5,000 kwa kichwa. Mwaka jana nusura awapoteze wote.

Jeannine, mke wa mtoto mkubwa wa Esteria, alitokwa na damu puani akiwa kwenye kiti hichohicho, mimba yake ikiwa kubwa. Rosine na Esteria wakamlaza kichwa nyuma, kama walivyofanyiwa wenyewe utotoni. Damu ikashukia kooni, akaimeza, kisha akaitapika mbele ya watu. Esteria aliondoka akisema msusi ana mkono mbaya. Waliosikia wakasema lisemwalo lipo.

"Siku nzima nakaa, hakuna anayekuja. Wengine wanapita ng'ambo ya barabara kabisa," anasema Rosine. "Nililia. Nikamwambia mume wangu, basi, narudi kwenye jembe."

Aliyemzuia ni Jeannine mwenyewe, aliyemwomba amsindikize zahanati. Muuguzi Pudensiana Selestine alimpima Jeannine presha, ikawa nzuri. Akawaeleza kwamba mimba huongeza damu mwilini na kuvimbisha mishipa midogo ya puani. Vumbi likikausha pua, mishipa hiyo hupasuka kirahisi. Kilichotapikwa kilikuwa damu iliyomezwa.

"Nilimwambia Rosine asijilaumu, ila asimlaze mtu kichwa nyuma tena," anasema muuguzi huyo. "Na damu ikitoka nyingi sana, ikigoma kukata kwa nusu saa, au mama akiumwa kichwa sana, akiona ukungu, akivimba uso na mikono, hapo si pa kusuka. Aletwe haraka."

Tangu siku hiyo Rosine hunyunyizia maji sakafuni kutuliza vumbi. Huwahimiza wateja wanywe maji, wapake mafuta kidogo ya mgando ndani ya tundu za pua, wasipenge kwa nguvu. Jeannine alijifungua salama mtoto wa kike, akaanza kumrudishia wateja mmoja mmoja. Esteria alikuwa wa mwisho kukubali.

Queen anaachia pua. Damu imekata. Esteria anamtazama mkwewe, halafu msusi.

"Nilikusema vibaya, mwanangu," anasema. "Niliona Jeannine anatapika damu, nikatafuta wa kumlaumu."

Machozi yanamlengalenga Rosine, wala hayafichi.

"Yameisha, mama. Nishikie huu uzi."

Sasa anapanga kuhamishia kibanda chake jirani na lango la zahanati, ambako wajawazito hupita siku za kliniki. Mwenyekiti wa kijiji ameshamwonyesha mahali.

"Wanipate wakitoka kupimwa," anasema akicheka. "Na anayetaka kunisema, anisemee hapohapo, nesi akisikia."