Leso ya Tatu

Cheti cha kifo cha mke wangu wa kwanza na picha za harusi yangu ya pili vilisafiri pamoja hadi Kajiado, ndani ya bahasha moja ya kaki niliyoibana kwapani. Sikuwa na bahasha nyingine.

Nilikwenda kuandikisha ndoa yetu ya kimila. Mke wangu wa pili anaishi Kanada, anatunza wazee kwenye makao ya huko, na sheria ilimruhusu kuniombea viza ili tuishi pamoja. Lakini watu wa uhamiaji wa kule hawajui habari za mbuzi na wazee wa ukoo. Wanataka cheti, na baada ya cheti wanataka kuona kwamba ninyi wawili ni mume na mke kweli: picha, video, ujumbe wa simu.

"Sopa, mzee," karani alinisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Kabla ya hii ndoa ulikuwa na hali gani?"

"Mjane."

"Uko na cheti cha marehemu?"

Nilikitoa. Alikisoma, kisha akakiweka juu ya picha ya harusi, uso wa bibi harusi ukafunikwa wote, kikabaki kilemba peke yake. Nilitaka kunyoosha mkono nikiondoe. Sikunyoosha.

"Pole kwa hili," karani akasema akigonga mhuri, "na hongera kwa hili lingine."

Mke wangu wa kwanza nilihamia naye Kitengela wakati ilikuwa nyasi na upepo. Maji yalikuwa ya kisima, mbali, na yeye ndiye aliyeyabeba, mtungi wa plastiki mkono wa kulia, asubuhi na jioni, miaka mingi, hadi bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto. Nilikuwa na uwezo wa kununua tangi. Nilinunua ploti Isinya. "Tangi lingoje," nilimwambia, na yeye akachukua mtungi akaenda.

Nilikuwa mchuuzi wa vitunguu. Kifua kilipomshika vibaya, vitunguu vya Kimana vilikuwa tayari shambani. Nilikwenda. Nilizima simu kwa sababu madalali walikuwa wakinisumbua kuhusu bei. Kesho yake niliporudi na lori nilikuta viti vya plastiki vimepangwa uani na majirani wamekaa, na mimi nikadhani ni mkutano wa chama cha wanawake. Niliwasalimu kwa furaha. Niliuliza kama chai imebaki.

Jirani mmoja alinipa kiti chake, akaniambia amefariki usiku. Bado nalisikia lile swali langu la chai.

Siku hizi maji yanatoka bombani, lakini mtungi wake haujaondoka penye mlango wa jikoni. Kuna asubuhi naamka kwa mlio wa mtungi uliojaa ukitua kwenye simiti, mlio mzito wa kitu kilichotoka mbali. Nikienda kuutazama nauona mkavu, na ndani yake kuna buibui.

Mke wangu wa pili tulijuana kanisani alipokuja likizo. Alikuwa hajawahi kuolewa. Hakucheka mizaha yangu mpaka nilipotoa mmoja uliostahili, na hapo akacheka hadi akashika benchi. Likizo iliyofuata tulifanya ngurario, harusi yetu ya kimila, kwao Ngong. Baada ya sherehe alikaa kwangu wiki chache kabla ya kurudi kazini, na siku ya kwanza tu aliuona mtungi.

"Huu ni wa nini, Baba?"

"Unavuja. Nitautupa."

Hakuuliza tena. Alifagia kuuzunguka mpaka siku ya kuondoka.

Sasa niseme kilichotokea siku ya ngurario. Kabla bwana harusi hajalikata bega la mbuzi na kuhesabiwa kuwa mume, bibi harusi hufichwa. Wanawake hujipanga mstari, wamefunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, na mwanamume anaambiwa amtafute wake. Ni mchezo. Vijana hupanga ishara na wachumba wao, labda kiatu fulani, labda kidole kinachochungulia. Sisi tuliona aibu kupanga ishara kwa umri wetu. "Utanijua tu," aliniambia.

Nilipita mbele ya zile leso polepole, watu wakipiga vigelegele. Mwisho wa mstari alisimama mmoja ambaye bega lake la kulia lilikuwa limeshuka.

Sikufikiri. Nilimwendea, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, na nikamwita kwa jina. Halikuwa jina la bibi harusi.

Leso ikafunuliwa. Alikuwa shangazi yake, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Wacha mkono wangu, mimi niko na mzee wangu!"

"Guka, miwani uliacha Kitengela?" mwingine akapaza sauti, akiniita babu.

"Faini! Faini! Soda za akina mama!"

Nililipa faini nikacheka na wao. Nikachagua tena, na safari hii nikampata. Alikuwa wa tatu. Alinishika kiwiko akatabasamu, na mimi nikajiambia kwamba kelele zilikuwa nyingi, hakuna aliyesikia. Sikukumbuka kwamba mpiga video alikuwa amenibandika kipaza sauti kidogo kwenye kola ya koti.

Nilikumbuka siku mke wangu alipopiga simu akasema anahitaji video ya harusi aiunganishe na zile karatasi nyingine kabla ya kutuma ombi. Kila kitu kilikuwa kimekamilika isipokuwa hiyo. Nilikwenda studio, kwa mama mmoja mchangamfu ambaye ndiye aliyeihifadhi, akaifungua kwenye kompyuta. Tulipofika kwenye leso, sauti yangu ikatoka juu ya vicheko vyote, wazi kabisa, ikimwita mtu aliyekufa. Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kumwitia alipokuwa hai. Ilikuwa na shukrani.

"Kata hapo," nikasema.

"Hapa pa leso? Guka, si hapa ndipo patamu! Hata mzungu atacheka."

"Kata."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka maombi mpaka nyama."

Alikata. Sikutaka kuangalia zaidi, nikaondoka na kilichobaki, nikamtumia mke wangu.

Alipiga simu ya video siku mbili baadaye. Alikuwa bado na sare ya kazi, na nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe kwa theluji.

"Nimeangalia video."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri. Inatoka kwa maombi inaingia kwa nyama. Leso ziko wapi?"

"Ilikuwa ndefu sana, Mama. Wale watu hawana wakati."

"Hiyo ndiyo wangependa kuona zaidi. Baba, nilikuwa kwa hiyo laini. Leso si ukuta. Nilisikia."

Nilipunguza sauti ya simu.

"Sikukasirikia hilo jina. Ni la mtu uliyeishi naye. Nilingoja ulitaje wewe mwenyewe, tukinywa chai, siku yoyote. Nilifagia karibu na mtungi, nikijua ni wake, nikingoja. Badala yake umeenda kulipa mtu alikate."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi ama yeye?"

Nilivua miwani, nikaifuta kwa shati.

"Nikuulize moja halafu nilale, nimekesha na wazee. Ukija huku, unakuja peke yako?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. Lakini kabla neno halijatoka nilijikuta nimegeuza shingo na kutazama mlango wa jikoni, kama mtu anayesubiri ruhusa. Simu ilikuwa usoni pangu. Aliona.

"Si hata saa hii umemwangalia," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Karatasi ziko hapa mezani, zote. Sitazituma. Siwezi kukuleta kwa nyumba ya chumba kimoja tukae watu watatu. Na wewe ndiye unamshikilia, Baba. Yeye mwenyewe amechoka, maskini. Mwache aweke chini huo mtungi."

Akakata simu.

Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Alikuwa amenikubali pamoja na marehemu wangu, mimi ndiye niliyemficha kama bidhaa ya magendo.

Wiki iliyofuata nilirudi studio nikaomba video nzima, bila kukatwa. Yule mama labda alinisoma usoni. Alinivutia kiti, na kwa mara ya kwanza nikaangalia sehemu ile mpaka mwisho. Shangazi alifunuliwa. Vigelegele. Faini, faini. Mpiga video alikuwa ameuzungusha uso wa kamera kwenye mstari wote ili awanase wanawake wakicheka, na leso zilikuwa zikitikisika kama nguo zilizoanikwa kwenye upepo wa Kitengela.

Ya tatu haikutikisika.

Ilisimama wima, imetulia, na mkono mmoja kutoka ndani ulikuwa umekikusanya kitambaa kwenye kifua na kukishika. Ilisimama hivyo mpaka nilipoijia, na nilipoifunua, tabasamu lilikuwa tayari usoni.

"Nirudishe nyuma, guka?"

"Hapana. Nimeona."

Nilimtumia video yote. Nilirekodi pia sauti yangu, nikamweleza habari za bega, za tangi, za Kimana, hata ile chai, mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Sikumwomba atume zile karatasi. Simu ilionyesha kwamba amesikiliza. Hajajibu, na msimu wa baridi wa kule umekwisha.

Mtungi niliuhamisha nikauweka kaburini kwa marehemu, kwenye ile ploti ya Isinya. Asubuhi bado nausikia ukitua. Siku hizi siamki kwenda kuutazama. Nalala nikisikiliza, na sijui tena ni yupi kati ya wake zangu wawili anayerudi na maji.