Mama, Munira na Gemu la Malkia

Mama yangu, Mwanaidi, alifundisha shule za msingi kule Kondoa miaka thelathini na minne. Alipostaafu akahamia kwangu Miyuji, akamkuta mke wangu, Munira. Miaka miwili wakaishi nyumba moja kwa heshima tupu: shikamoo mama, marahaba mwanangu, kisha kila mtu chumbani kwake. Mimi nakula wali wangu kimya kama mgeni.

Kilichowaunganisha ni gemu, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Nililinunua kwa ajili yangu, sikuligusa tena. Malkia kanyang'anywa nchi, anazunguka vijijini kutafuta watu wa kumrudisha. Upanga anao, lakini kazi kubwa ni maneno: unauliza, unasamehe au unakataa, na kila jibu lina matokeo yake. Maandishi yote Kiingereza kigumu. Munira akashika pedi ya kuchezea na kutafsiri, mama akawa mwamuzi.

"Mama, huyu mwizi anaomba tumwachie."

"Muulize kwanza ana watoto?"

"Anasema wanne."

"Mwachie. Ila arudishe mbuzi wa watu."

Miezi mitano hiyo! Kila alasiri kelele mpaka kwa majirani. Siku moja walibishana kama malkia aolewe na mfalme mlevi, mboga ikaungua, nami nikala ugali na chumvi kwa raha zangu.

Gemu likaisha. Shikamoo na marahaba zikarudi, milango ikafungwa. Niliogopa kweli. Basi niliposikia sehemu ya pili imetoka, niliinunua mbio, nikaingia nayo nyumbani narukaruka kama mtoto siku ya Idi.

Malkia alikuwa yuleyule, ila sasa ana misuli. Mbele yake akatokea mzee mwenye shoka.

"Msalimie," mama akaagiza.

Munira akabonyeza vitufe vyote. Malkia akapiga sarakasi, mzee akampasua.

"Rudia. Hukumsalimia vizuri."

Malkia alikufa mara sita kwa sababu mama hakukubali mtu mzima apigwe kabla ya shikamoo. Mara ya saba Munira akaasi. Akamlaza mzee, akawalaza na wenzake kumi, vidole vinakimbia, na hapakuwa na neno hata moja la kutafsiri.

"Debe tupu," mama akasema, akajifunga kanga vizuri ili ainuke. Nilijua akishaingia chumbani siku hiyo, ndiyo basi tena.

"Mama, kaa." Munira aliweka pedi sakafuni, malkia akiendelea kukatwakatwa. "Humu hamna wa kumuuliza, nitakuuliza wewe. Siku Hamidu aliponileta kwako Kondoa, ulisemaje moyoni?"

Hamidu ni mimi, na hapo hapo nikaanza kutafuta pa kujificha. Mama akakaa tena.

"Nilisema, huyu amekuja kunichukulia mwanangu."

"Na sasa?"

"Sasa? Mchukue tu. Anakula mno."

Walicheka hadi wakashikana mabega, machozi yanawatoka, nami nimesimama mlangoni, nimetolewa bure na mama yangu mzazi, na sijawahi kufurahi namna ile.