Makombe Kumi na Moja, Nota Tano

Pikipiki ilinishusha Jumatatu alasiri kwenye uzio wa minyaa wa shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya Butiama, mahali ambapo sikumjua mtu. Nilikuwa natoka Musoma. Anastazia, mama mwenye nyumba niliyopanga mtaa wa Nyasho, aliposikia naelekea huko alinipa mfuko wa dagaa nimfikishie kaka yake, Mwalimu Werema.

"Anakaaga peke yake tangu wifi afariki," aliniambia. "Ukimkuta anaimba, usimkatize."

Nilimkuta anaimba. Sauti nzito ilitoka kwenye nyumba ya walimu, mistari miwili, kisha kimya. Nikadhani amemaliza, nikapiga hodi. Sikujibiwa. Ndani kidole kilikuwa kinagonga meza, taratibu, halafu sauti ikaendelea pale ilipoachia.

"Ulipobisha, soprano walikuwa wanaimba," alinieleza baadaye akipokea dagaa. "Mimi besi nanyamaza vipimo vinne vya wimbo. Huwezi kuviruka."

"Lakini soprano hawapo, Mwalimu."

"Najua hawapo. Nahesabu tu."

Alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Bunda, na nota alifundishwa na katekista wa kwao kabla hajaenda chuo cha ualimu. Hapa alikuwa amefundisha muziki miaka ishirini na sita. Ijumaa ya wiki hiyo angestaafu. Nilikuwa nimepanga kulala usiku mmoja. Nikabaki.

Kesho yake alinipeleka ofisini. Mwalimu mkuu, Magige, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alinionyesha juu ya kabati.

"Mgeni, hesabu makombe. Kumi na moja! Wilaya nzima hakuna shule inayotusogelea kwa kwaya. Sasa mzee huyu anatukimbia."

"Serikali ndiyo inanikimbiza," alijibu Werema.

"Haya. Lakini Ijumaa nabandika ratiba. Asipopatikana wa kushika muziki, vipindi vyake nawapa hisabati. Siwezi kuandika kipindi cha watoto kukaa tu."

Aliyefikiriwa alikuwa mmoja: Nyamburi, mwalimu wa darasa la tatu. Alisoma shuleni hapo hapo na aliimba kwenye kwaya iliyoleta kombe la kwanza. Tulimkuta darasani peke yake, anasahihisha madaftari.

"Kombe lile ulilibeba mwenyewe kichwani toka barabarani," Werema alimwambia. "Chukua hivi vipindi, mwanangu."

"Nitafundisha nini, Mwalimu?"

"Nota."

Akaandika ubaoni: do, mi, re, fa, so. "Imba."

Nyamburi aliutazama ubao. "Anza wewe, nitafuata."

"Usinifuate. Soma."

"Sijui kusoma." Aliweka kalamu chini. "Hukutufundishaga. Ulikuwa unaimba, sisi tunadaka, mpaka mashindano. Nyimbo zako zote ninazo kichwani. Wimbo ambao hukuniimbia, sina."

Werema alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika juu. Njiani kurudi nyumbani ndipo aliponieleza. Kila Januari alianza na nota. Kila Machi watoto walikuwa bado wanakwama, na mashindano yako Juni. Akafuta ubao, akaimba mwenyewe.

"Watoto wa huku wamekulia kwenye harusi na machungani. Unawaimbia mara mbili, wamekwisha kuudaka. Hicho ndicho kilinidanganya. Nikaona mwakani nitafundisha. Mwakani likaja kombe."

"Kama wanaimba vizuri bila nota," niliuliza, "nota zina faida gani?"

"Asiyesoma anangoja mtu aje amwimbie. Asipokuja mtu, basi. Mimi toka mke wangu afariki hakuna aliyekuja, na kila mwezi nina wimbo mpya."

Jioni hiyo, na Jumatano, na Alhamisi, walikaa wawili ubaoni. Nyamburi alikuwa na hasira ya mtu mzima anayerudishwa darasa la kwanza. Akikosea, Werema alifungua mdomo kumwimbia, naye akamnyooshea chaki: "Nyamaza, mzee!" Mpaka Alhamisi alikuwa na nota tano.

Wakaenda kwa Magige pamoja.

"Nachukua," alisema Nyamburi. "Ila mashindano mwaka huu hatuendi. Nitaanza na nota hizi tano, pole pole."

"Hatuendi?" Magige alicheka, kisha akaacha. "Afisa elimu nimwambie nini? Kwamba kwaya yangu imerudi chekechea?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Magige akamgeukia Werema. "Mzee, wewe ndiye mwenye kwaya. Sema tu kwamba watoto wanaweza vyote viwili, na mimi naandika vyote viwili."

Werema aliyatazama makombe, moja moja, kama mtu anayesoma majina ya wajukuu.

"Hawawezi," alisema. "Mimi nilishindwa mara kumi na moja. Andika vipindi. Kombe acha."

Magige akaandika.

Ijumaa, mpwa wake Burito alikuja na gari dogo la mizigo kutoka Bunda kumrudisha kwao. Kitanda, kabati, viti viwili. Walimaliza kupakia upesi mno. Werema alikuja dirishani kwa darasa la tatu. Ndani watoto sitini walikuwa wanapanda do, re, mi, na wakifika fa kila mmoja anakwenda na njia yake.

"Mwalimu, tuimbie kwanza!" alipaza sauti msichana wa mbele.

Nyamburi akatikisa kichwa na kugonga ubao. Dirishani, Werema alivuta pumzi ya kuimba. Kisha akaitoa hivyo hivyo, bila sauti.

"Mjomba, twende, jua linapanda," Burito alimwita.

Nyamburi alisogea dirishani. "Hizi tano zikiisha?"

"Nipigie."

"Nisipokupata je?"

"Utanipata. Sina pa kwenda."

Alipanda mbele, akafunga mlango mara mbili maana haukushika mara ya kwanza. Gari likashika njia ya Makutano. Mimi nilikuwa bado nimesimama na mkono juu.

"Ingia, mgeni," alisema Nyamburi, akinionyesha dawati la nyuma. "Hata wewe hujui."

Nikaingia. Gari lilipoacha kusikika, tulikuwa bado tunaitafuta fa.