Ng'ombe Walioombwa Kitambulisho

Wifi yangu Ndinda hakuolewa, na katika nyumba yetu hakuna anayemuuliza kwa nini. Alibaki hapa karibu na Kathonzweni kutunza kisesi, yaani malisho yaliyozungushiwa ua, ambayo baba yake, mzee Nyamai, aliyafungua kwa jirani yeyote wakati wa kiangazi. Mume wangu alipofariki, jina hilo la ukarimu lilibaki mikononi mwetu, mimi na Ndinda. Sikukusudia liharibike nikiwa hai.

Miaka michache iliyopita gugu karoti liliingia kisesini. Majani yake hufanana na ya karoti, maua ni madogo meupe, na ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu hata chai haiyafichi. Ndinda alipambana nalo mwenyewe. Mvua ikishanyesha, kabla gugu halijatoa maua, aliingia udongo ukiwa bado laini akaling'oa na mizizi yake, soksi kuukuu mikononi kwa sababu huwasha ngozi. Palipobaki wazi alitawanya mbegu za nyasi, na hata mbuzi wetu wenyewe hawakupagusa mpaka nyasi iliposhika. Mwaka jana kisesi kilikuwa safi.

Ndipo kiangazi kikabana. Jirani yetu Musyimi, mzee wa kanisa, akaja na ng'ombe wake, mbavu zikihesabika. Walikuwa wakila kando ya barabara, mahali ambapo gugu lile tu ndilo lililobaki na rangi ya kijani.

"Karibu, lakini hawaingii leo," Ndinda alimwambia langoni. "Wamekula gugu. Mbegu ziko tumboni."

"Umewauliza?"

"Nitayauliza mavi yao."

Musyimi hakucheka. "Baba yako hangenifungia lango, Ndinda."

"Baba yangu hakuling'oa gugu hili."

Akageuza ng'ombe wake akaenda.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walinyamaza nilipowakaribia. Kathini, ambaye hajawahi kushindwa na ukimya, akanisalimu kwa sauti: "Mama Muindi! Tunasikia siku hizi kwenu ng'ombe wanaombwa kitambulisho langoni!"

Wakacheka. Nilitabasamu pia, kwa sababu mtu hatoi hasira yake uwanjani pa kanisa. Niliibeba mpaka nyumbani.

"Ng'ombe wa Musyimi wakifa," nilimwambia Ndinda, "hakuna atakayesema ni kiangazi. Watasema ni watoto wa Nyamai."

"Na gugu likirudi? Sisi ndio tutakaokuwa tukizunguka tukiomba nyasi. Hilo nalo ni jina?"

Aliendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo, kisha mkono ukasimama.

"Baba alitaka ng'ombe wa watu washibe," akasema. "Hakusema lazima wajilishe."

Asubuhi alikwenda kwa Musyimi mwenyewe, nami nikamfuata. "Walete," alimwambia. "Watakaa katika boma letu la zamani. Chakula nitawapelekea."

"Kama wagonjwa?"

"Kama wageni. Umewahi kuona mgeni akijipikia?"

Musyimi alikuna kidevu, akanitazama mimi, akawatazama ng'ombe wake. Kisha akaenda kuwafungulia.

Ndinda alikata nyasi kwa mundu, nami nikabeba. Niliwahi kuwa mwalimu mkuu. Sasa nilipita barabarani na mzigo wa nyasi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mbele ya duka ambako Kathini hukaa. Sikuharakisha. Nilitaka aone vizuri. Siku chache zikapita, matumbo ya ng'ombe yakasafika, Ndinda akasugua tope kwenye kwato zao, akafungua lango.

Mvua ilipokuja, kisesi kiliota nyasi. Boma la zamani liliota gugu karoti, zito kama lililopandwa. Ndinda hakusema kitu kanisani, nami nilijizuia kwa taabu. Alimwita Musyimi tu aje aone.

Mzee alisimama mlangoni mwa boma. "Hii mizigo ni ya ng'ombe wangu," akasema, akakunja mikono ya shati, akainama kung'oa.

Ndinda akamrushia soksi zake kuukuu. "Vaa, mzee. Hilo huwasha."

Jumapili iliyofuata Kathini alinivuta kando, safari hii kwa sauti ya chini. Alitaka kujua kama kiangazi kijacho katika lile boma kutakuwa na nafasi ya ng'ombe wake wawili.

"Waje na vitambulisho," nikamwambia.