Nilimsikia Yaya Mado Akigonga

Kosa ni langu, wala sina wa kumsukumia. Nawaandikia ninyi msionijua kwa sababu nyumbani Kamina nimeshindwa kufungua mdomo.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya kupima kina cha mto, huko Bukama. Yaya Mado, dada yangu mkubwa kwa mama mukubwa, akaajiriwa pamoja nami kwa kuwa mto anaujua tangu utotoni. Tulipewa kayaki, mitumbwi myembamba ya plastiki. Unakaa ndani, kitambaa kinakubana kiunoni maji yasiingie. Sharti la kazi: ukipinduka, ujue kujiinua kwa kasia na kiuno bila kutoka ndani.

Mazoezini nilishindwa. Kichwa kikiingia majini tu, nawaza mamba, nawaza kitambaa kikikataa kufunguka, nawaza mama akilia. Basi nagonga ubavu wa kayaki. Hiyo ndiyo alama: ukigonga, mwenzako anakuletea pua ya kayaki yake, unaishika, unainuka. Yaya Mado alikuja kila mara, akicheka.

“Mudogo, diplome yako haijue kuogelea? Kiuno njo inainuka kwanza, kichwa itakuya nyuma.”

“Yaya, naogopa.”

“Ogopa, lakini geuka. Miye niko hapa.”

Siku moja akapinduka yeye, penye mkondo mkali, bega likagonga gogo. Nikamsikia akigonga. Nilikuwa karibu! Nikawaza: nikisogea, mkondo utanipindua na mimi, na nani atakuja? Akagonga tena. Kasia langu halikusogea. Wavuvi ndio waliomtoa, bega limeteguka.

Mkuu wetu wa kazi akaniuliza kama Yaya alitoa alama. Nikasema hakugonga. Akaamua kwamba Yaya alijipindua kwa mchezo, akamfukuza kazi. Mimi nikabaki.

Kwetu, mtu akinusurika majini familia hukutana. Kila mmoja husema kilicho moyoni, kisha hutia maji mdomoni na kuyatema chini, ili mgonjwa asirudiwe na kinyongo cha mtu. Mama mukubwa akanipa kikombe.

“Sema, mutoto.”

“Sina neno.” Nikatema.

“Muache, mama,” Yaya akasema. “Maji ilikuwa na makelele. Hakusikia.”

Mpaka leo mkono wa bega lile haupandi. Mama yake ndiye anayemsuka nywele na kumvalisha blauzi.

Nilirudi mtoni peke yangu, nikajipindua kwa makusudi, tena na tena. Nilikunywa maji, lakini sikugonga, maana hapakuwa na wa kuja. Hatimaye kiuno kikainuka, kichwa kikafuata, kama alivyonifundisha. Nikalia mle ndani ya kayaki. Hofu ya mto imekwisha. Ya kikombe kile inanila kila siku.

Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, alinisogezea kiti kwa mkono mzima.

“Unajua kugeuka sasa?”

“Ndiyo, yaya.”

Akafurahi kweli, akamwita mama yake aje asikie. Nami nikaketi kwenye kile kiti, nikipongezwa.

Wewe unayesoma, mwenzako akigonga, nenda na hofu yako hivyo hivyo. Na ukipewa kikombe, sema kabla hujatia maji mdomoni. Mimi nilikwisha kutema, na sijui nianzie wapi.