Siku Niliyomsingizia Mama Mkwe Sumu

Jamani, haya ni ya aibu na wala sijivunii kuyasema, ila kwa kuwa mmenibana acha niyaseme mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa Samuye yakiwa yametiwa chumvi.

Mimi ni fundi cherehani pale Katoro. Mwaka juzi nilikwenda Samuye kujitambulisha kwa mama wa mchumba wangu Kabula, mjane anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni (mnajua huku kwetu bibi mwenye macho hayo anavyodhaniwa mchawi). Wao ni watu wa ng'ombe na mtama, samaki hawamjui sana, lakini yule mama alisikia mkwe anatoka upande wa ziwani, basi akapanda bodaboda hadi mjini kuninunulia sato.

Nilipoliona bakuli nikasita. Kila nikila samaki midomo huniwasha na koo linakereketa, siku nyingine vipele vinatoka shingoni, nami nasingizia pilipili. Ningesema tu, "Mama, samaki sili," yakaisha, lakini utakataaje chakula cha mama mkwe siku ya kwanza, majirani wamejaa uani kukutazama? Nikala. Tena nikaongeza mchuzi (sifa zangu hizo!).

"Kula, ng'wanone, kula mwanangu," anasema, furaha imemjaa.

Haikupita muda midomo ikavimba, macho yakaziba, vipele mwili mzima, kifua kikabana nikawa napumua kwa kukoroma, nikajua nakufa, na mimi mtu mzima mwenye akili zangu nikasimama katikati ya ua nikapiga kelele, "Huyu mama amenilisha kitu! Ameniua!"

Majirani walimgeukia yeye, si mimi.

Kabula alinikimbiza zahanati, nikachomwa sindano, nikapumua. Daktari akauliza kama samaki huniwasha midomo. Nikajibu ndiyo, miaka mingi.

"Hiyo ni aleji, bwana. Dalili umezipata siku zote hizo ukazipuuza. Midomo ikivimba na pumzi ikibana, usingoje, wahi hospitali. Na samaki acha kabisa."

Nilirudi nikapiga magoti palepale uani, nikawaeleza majirani kwamba ni aleji, kosa ni langu. Wakatikisa vichwa tu. Mama akaninyanyua, akasema amesamehe, akamkaribisha jirani yake uji. Jirani akasema ameshiba, akaaga.

Harusi tulifunga. Wanawake wote walikuwa jikoni, ila mama mwenye binti alikaa mbali na masufuria, mikono mapajani. Nikamfuata kumsihi apakue japo sahani moja.

"Hapana, mwanangu," akasema taratibu. "Watu watashindwa kula harusi ya Kabula."

Nililia mbele za wageni, na suti yangu. Samaki nimeacha, hilo lilikuwa jepesi. Nimeapa pia kwamba nikiumwa hata tumbo, nitauliza nilikula nini, jina la mtu sitalitaja tena. Mama Kabula hadi leo anapika chungu cha mtu mmoja, hakuna jirani anayeonja chakula chake.