Tableti Isiyo na Pa Kuweka Kidole Gumba

Nilikuwa katikati ya mtihani wa ualimu wa chekechea, ule wa kufanyia kwa tableti, mtoto ananyonya upande wa kushoto, tableti iko mkono wa kulia, akarusha teke. Kidole gumba changu kikateleza kidogo tu. Kioo kikaandika: "Asante, mtihani wako umepokelewa."

Asante ya nini? Huo mtihani unafanywa mara moja. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaachilia ziwa, akanitazama kama askari.

Na niliipenda hiyo tableti, sikatai. Nyeupe, nyembamba kama chapati ya hoteli, kioo kimeenda mpaka mwisho pande zote. Kufika nayo nyumbani Elburgon ndio nikajua: kioo kikijaa kila mahali, mtu hana pa kushika. Kidole gumba kinakaa juu ya maandishi, na kikigusa tu, ukurasa unaruka. Na mimi husoma wakati wa kunyonyesha. Saa zingine mikono si yangu.

"Si ushike na mikono miwili?" mume wangu akasema.

"Sawa. Wewe nyonyesha."

Akaenda kuchemsha chai.

Dawa niliitafuta mwenyewe: soksi ya mtoto, ile ya kufuma, naivalisha kidole gumba. Kioo hakisikii kitu kupitia uzi mzito. Nilisoma kitabu kizima hivyo, nikifanana na mwendawazimu. Lakini siku ya mtihani baridi ya msitu wa Mau ilishuka vibaya, na soksi zingine zilikuwa kwa kamba, bado mbichi. Kati ya kidole changu na mguu wa mtoto, nikachagua mguu.

Chuo ninakosomea kikasema kitanifungulia mtihani tena nikileta maandishi ya duka, yenye muhuri, kwamba shida ni ya tableti. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashuka Nakuru, kwa duka nililoinunua.

Muuzaji akaigeuza, akaipangusa. "Mathe, hii haina shida. Hiyo ndiyo dizaini."

"Basi shida ni dizaini. Piga muhuri."

"Lakini si imeweza? Angalia vile ni smati."

"Ni smati sana, boss. Siku nikitaka ya kutundika ukutani nitakuita. Shika huyu, halafu unisomee ukurasa mmoja."

Nikamwekea mtoto mkononi. Kurasa zikaruka, mtoto akamvuta tai, wateja wakacheka. Akaenda kutafuta fomu ya malalamiko mwenyewe. Niliandika hivi, naye akapiga muhuri:

"Nalalamika rasmi kwamba tableti hii ilitengenezwa ya kutazamwa, si ya kushikwa. Haina ukingo wa kuweka kidole gumba, na kwa sababu hiyo imewasilisha mtihani wangu kabla sijamaliza. Naomba nibadilishiwe na ile nene ya rafu ya chini, yenye ukingo mpana mweusi, ambayo mnaiita ya kizamani. Naambatisha soksi niliyokuwa nikitumia. Irudishwe. Mtoto ana miguu miwili."